Kifungo cha Kumi na Tatu

Mimi ni mtu wa ndani. Msidhani ni unyenyekevu. Ni uvivu uliopata jina zuri. Miaka ya tisini, pale Richfield, Amerika, mke wangu alikuwa akitoka asubuhi na sare yake ya unesi, mimi nikibaki na cherehani, nikipunguza suruali za Watanzania walionunua saizi za Wamarekani. Elimu yangu ni kidato cha nne, na hicho nacho nilisukumwa. Wanaume wa ushirika wetu wa ibada wa Waswahili waliniita Mama Mwenye Nyumba. Nilicheka nao, maana anayenuna hubaki peke yake, na peke yangu nilikuwa nimeshakaa ya kutosha.

Basi ilipoamuliwa kwamba sikukuu ya mavuno tuigize ibada ya Waebrania wa kale, kuhani mkuu aingie amevaa kama Maandiko yasemavyo, hakuna aliyeuliza nani atashona. Mama mwenyekiti wetu, Mkenya, bosi wa manesi kwenye nyumba moja ya wazee, alinipigia simu.

"Fundi, si wewe uko tu hapo nyumbani? Hiyo kanzu uta-finish lini?"

"Mama, hata sijaanza."

"Basi anza. Hiyo TV haitahama."

Kanzu ya samawi niliikata kwenye shuka mbili za kitanda. Njuga za pindoni nilizipata duka la wanyama. Ni zile wanazowafunga paka shingoni ili ndege wawahi kuruka. Sikuona aibu. Kuhani naye alitakiwa asikike akiingia patakatifu, asije akafa. Kati ya njuga na njuga palitakiwa komamanga la nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu. Mimi ni mtu wa Singida. Komamanga nililijua kwa kusoma tu. Nikadarizi kwa kukisia.

Mama mwenyekiti alipokuja kukagua akainua pindo, akavaa miwani.

"Hivi ni vitunguu."

"Ni makomamanga, mama."

"Fundi, hivi ni vitunguu. Umeweka mpaka mizizi."

Ikabaki kifuko cha kifuani: mraba wa shibiri moja, mawe kumi na mawili, safu nne za matatu matatu, kila jiwe kwa kabila moja la Israeli, ili kuhani ayabebe makabila yote moyoni mbele za Mungu. Mawe ya thamani hatukuwa nayo. Nikatoa wazo, na hilo ndilo linaloniwasha hadi leo, kwamba lilikuwa wazo langu: kila nyumba ilete kifungo kimoja cha nguo iliyosafiria kuja Amerika. Mchungaji alilipenda. Siku ya sikukuu ataweka kidole kwenye kila kifungo, aitaje nyumba hiyo pamoja na watu wake iliowaacha kule.

Wa kwanza kuleta alikuwa rafiki wa mke wangu, dada mmoja wa Lushoto aliyeishi Anoka na binti yake mdogo, bila mume. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Karatasi zake hazikuwa sawa, hakuweza kwenda kuzika. Kwetu mtu akifiwa, ushirika hujaa nyumbani kwake, watu wakaimba, wakanywa chai, wakalala hata kwenye zulia. Kwake hakwenda mtu. Theluji, walisema. Anoka ni mbali, walisema. Mke wangu alikuwa na shifti mbili mfululizo. Mimi nilikuwa nimekaa.

Alikifungua kwenye leso: kifungo cha kifuu cha nazi, kikubwa, chenye matundu mawili.

"Shemeji, hiki ni cha gauni alilonishonea mama. Hajakaliwa matanga huku. Nataka atajwe siku hiyo, mara moja tu, watu wote wakisikia. Kiweke hata pembeni."

"Pembeni tena? Nitakiweka katikati," nikasema. Mwili wangu ndio mvivu, mdomo haujawahi.

Vifungo vilipotimia nikavihesabu. Vilikuwa kumi na vitatu.

Kamati ikaja sebuleni kwangu: mama mwenyekiti na wazee wawili, wamebanana kwenye sofa langu moja. Nikavipanga mezani. Wakavitazama kama watu waliowekewa nyama pungufu.

"Kimoja lazima kitoke," akasema mama mwenyekiti. "Na mimi nitasema tu: huyo dada wa Anoka, ile si nyumba kamili."

"Lakini ni mwenzetu," mzee mmoja akanong'ona ndani ya kikombe.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kumtoa. Ningeweza kusema kwamba vyote kumi na vitatu vinaenea, nibane safu ya mwisho, Mungu hatakuja na rula. Badala yake niliona watu watatu waliokuwa wakinicheka siku zote sasa wananisubiri mimi, nikanogewa.

"Jamani, tusihangaike," nikasema. "Yakobo, baba wa hayo makabila, naye alikuwa na mtoto wa kumi na tatu. Binti. Naye alipatwa na mambo ya wanaume. Mmewahi kuona jiwe lake kifuani kwa kuhani?"

Mama mwenyekiti alipiga goti kwa kiganja. Mzee aliyekuwa akinong'ona alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Yule mwingine akaninyoshea mkono tupige tano: "Mama Mwenye Nyumba, kumbe huko ndani unasoma!" Na shauri likaisha hapo.

Mke wangu alikuwa jikoni. Wageni walipoondoka alisema neno moja: "Mwambie."

Sikumwambia. Nilikishona kifungo chake kwa ndani, kati ya kitani na bitana, nyuma kabisa ya kimoja cha vile vya katikati. Nikajisifu kwamba hiyo ndiyo hekima.

Siku ya sikukuu, kwenye chumba cha chini cha kanisa tuliloazima, kuhani wetu aliingia njuga zikilia kama za paka kumi. Watu wakashangilia. Mchungaji akaanza kugusa vifungo kifuani kwake na kutaja. Dada wa Lushoto alikuwa safu ya pili. Kila kidole kiliposogea alivuta kola yake vizuri na kumwinua mtoto kidogo. Nyumba ya nne. Ya nane. Ya kumi na mbili. Mchungaji akasema amina, na yeye akabaki amemwinua mtoto.

Alinikuta jikoni kwenye foleni ya pilau.

"Shemeji, kiko wapi?"

"Kipo. Nimekishona kwa ndani. Mungu anaona mpaka ndani, dada."

"Mungu alikuwa anajua kwamba mama amekufa. Nilitaka ninyi mjue." Akanyosha mkono. "Nipe."

Mama mwenyekiti akageuka na sahani yake. "Aki, subiri basi, tupige picha kwanza. Utaharibu nguo."

Akasubiri. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, koti limefungwa mpaka shingoni, mtoto mapajani, saa nzima, kila familia ikipigwa picha na kuhani. Nami nilikuwa nikimrekebishia kuhani kilemba.

Chumba kilipopungua watu nikafumua bitana, nikampa kifungo chake. Hakuondoka.

"Nimesikia na ule utani wako," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ni kweli, yule binti hakuwekewa jiwe. Lakini alikuwa na kaka. Mwanamume alipomharibu, kaka zake walishika panga kwa ajili yake. Ninyi hata chai hamkuja kunywa kwangu. Asante, fundi."

Alikuwa hajawahi kuniita fundi.

Hakurudi tena ushirika. Jumamosi iliyofuata mke wangu alipika maandazi, akajaza chupa ya chai, akanirushia koti. Tukaendesha mpaka Anoka bila redio. Njiani nilitunga maneno ya kuomba radhi, mazuri, nikayapanga.

Dada alifungua mlango. Akapokea chupa, akamkumbatia mke wangu, wakaanza kulia pale pale kizingitini. Nami nikafuta viatu.

"Wewe fundi kaa kwenye gari," akasema. "Hapa ni msibani."

Akafunga mlango. Nikarudi kwenye gari, nikakaa mpaka vioo vyote vikaingia ukungu.