Divai ya Kwanza ya Mume Wangu

Mimi ni mwoga. Nimezaliwa mwoga, nimezeeka mwoga, na anayetaka kucheka acheke. Lakini hofu niliyoipata siku mume wangu alipotoa divai yake mbele ya watu, hiyo simwombei hata adui.

Tulikuwa tumeteremshwa kutoka milimani, juu kule Gonja, tukapewa viwanja tambarare. Nyumba zilipangwa mistari kama mahindi, ndicho kijiji chetu cha ujamaa. Joto, mbu, vumbi. Mama mkwe alikataa kushuka. "Mimi na migomba yangu tutazikwa pamoja," alisema, na viongozi wakachoka kumbembeleza. Yeye alikuwa mpishi wa dengelua, pombe yetu ya miwa, na alisifika mlima mzima.

Mume wangu aliwahi kufanya kibarua Dodoma, kwenye shamba la zabibu. Alirudi na vipande vya mzabibu ndani ya gunia lililoloweshwa maji, akavipanda kando ya mfereji. Watu walimcheka. "Mzungu wa Upare huyo!" Mizabibu ikashika, ikazaa, na vicheko vikaisha. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kujitapa wilayani kwamba sisi tutakuwa na divai yetu wenyewe, na mgeni mkubwa akaahidi kuja kuionja.

Sasa, kule Dodoma mume wangu alikuwa akibeba mapipa tu. Aliwaona wenyewe wakitia unga fulani kwenye maji ya zabibu ili yachachuke, na unga huo hatukuwa nao. Hakujua kwamba zabibu huchachuka zenyewe. Kwetu pombe haichachuki bila tunda la mwegea, lile refu, gumu, linalokatwa vipande na kutumbukizwa mtungini. Vipande vya mama mkwe vilikuwa vya kurithi: vinatumika, vinakaushwa, vinatumika tena mwaka hadi mwaka. Mume wangu hakuwahi kuona kipya kikitengenezwa. Akaenda korongoni, akaangua tunda, akalipasua, akaanika juu ya paa la jiko, akatia.

Nilimwuliza, "Si ungemngoja mama?"

"Mama anajua miwa," akasema. "Hii ni divai."

Haya. Mwanamume akishaamua, utamwambia nini? Mtungi ulifoka povu vizuri ajabu, na harufu yake, nisiseme uongo, ilinitoa mate.

Siku ya mgeni ikafika. Gari la serikali, ngoma, hotuba. Mama mkwe naye aliteremka kuja kuona fahari ya mwanawe. Nilikuwa jikoni nasuuza vikombe vya bati, mtoto mgongoni, aliposimama mlangoni. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Alikuwa akitazama vipande vilivyobaki pale juu ya paa.

"Hivi mlivichemsha?"

"Hapana, mama. Tulivianika tu."

"Mkavilaza kwenye maji ya miwa, mkayamwaga yale ya kwanza?"

"Hapana."

Alishika mwimo wa mlango. "Mwegea mbichi ni sumu, mwanangu. Sumu! Amekwisha kunywa?"

Nikatoka mbio, kwa sababu desturi yetu naijua. Mpishi hunywa kikombe cha kwanza mbele ya wote, waone hakutia kitu kibaya. Cha pili hunywa mkewe. Cha tatu ndicho cha mgeni.

Nilifika mwenyekiti anasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Makofi yakalia. Mume wangu alikuwa amekwisha kuinua kikombe, na mbele ya macho yangu akakimaliza chote. Akajipangusa midomo, akachota cha pili, akaninyooshea kwa mikono miwili huku akitabasamu. Masikini, alikuwa na furaha!

Ee Bwana, nifanye nini? Nikisema "sumu" mbele ya mkubwa wa serikali, mume wangu atafungwa pingu papo hapo kwa kutaka kumuua kiongozi. Nikinywa, nina mtoto anayenyonya. Nikikataa, nimemtangaza mchawi. Mgeni alikwisha kujisogeza kwenye kiti, mkono wake uko tayari. Nikakipiga kile kikombe, kikamwagika. Nikaushika mtungi kwa mikono yote miwili, nikausukuma. Ukapasuka. Divai yote ikaingia mchangani, na nzi wakashuka.

"Mwanamke, una wazimu?" mwenyekiti akafoka. Kumwaga pombe ya mgeni kwetu ni laana.  Mume wangu alinitazama kama mwizi aliyemkuta nyumbani mwake.

Mama mkwe akapenya na kibuyu cha maji ya vuguvugu. "Mwacheni mke wake! Wewe, kunywa hapa, tapika!" Mume wangu akaanza kubisha, kisha jasho likamtoka, akaanguka. Mama mkwe akamweleza mgeni wazi, kipande cha mwegea mkononi: ni ujinga huu, si ubaya. Mgeni akakitazama kile kipande, akatazama kikombe chake kilichokuwa kikavu, akaamuru gari lake limpeleke mume wangu hospitali.

Njia ya kupanda hospitali ni ya kona tupu. Mume wangu alilala mapajani mwangu, baridi, macho yamegeuka. Mbele alikaa askari wa msafara, na kila alipogeuka nyuma moyo wangu ulisimama. Sikujua niogope lipi kwanza, kaburi au jela. Niliomba, nikasahau maneno ya sala, nikabaki nikisema tu, usife, usife, mjinga wewe, usife.

Alifumbua macho kesho yake asubuhi. Neno lake la kwanza: "Divai umeimwaga yote?"

"Yote."

Akageuzia uso ukutani. Hapo hasira ikanipanda juu ya hofu. "Zabibu zitazaa tena," nikamwambia. "Wewe je? Ningekupanda wapi nikuvune tena?"

 Kisha, bila kugeuka, akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu. Nikamwachia.