Chumba cha Aloo

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishachoka kuona haya, na kama kuna mtu wa Homa Bay anayeikumbuka ile Jumapili ya mwaka wa tisini na tisa basi ananikumbuka mimi, Akinyi, nimesimama nyuma ya kaunta ya Bwana Salim sina pa kuficha uso.

Bwana Salim alikuwa mtu wa Lamu aliyefungua duka la simu na kupiga chapa pale mjini, nami ndiye niliyekuwa karani wake. Laini ya simu ilikuwa moja tu. Watu walitoka hadi Ndhiwa kuja kungojea simu za watoto wao walioko Nairobi, na laini hiyo hiyo ndiyo iliyoleta intaneti kwenye kompyuta iliyokaa nyuma ya pazia, kwa hivyo ukiwa kwenye intaneti, anayepiga simu anasikia tu kwamba laini inatumika. Nililijua hilo vizuri (mimi ndiye niliyewaeleza wateja, tena kwa maringo).

Sasa juma hilo nilikuwa nimegundua nyumba. Si nyumba ya mawe, ni tovuti, kama mnavyoziita siku hizi, ya mama mmoja mzee wa nchi ya theluji, aliyejijengea nyumba ndani ya kompyuta chumba kwa chumba, kwa mikono yake, wala hauzi chochote. Unabonyeza mlango, picha inashuka polepole kama mtu anateremsha pazia, halafu unajikuta jikoni, birika liko mezani, na chini yake ameandika ndoto aliyoota akingoja maji yachemke. Chumba kingine kilikuwa na viatu vya marehemu mumewe na dirisha lenye mwezi. Kulikuwa na mlango mmoja usioenda popote, ameandika tu kwamba bado anafikiria aweke nini humo. Nilitembea humo ndani mpaka nikawa nasikia baridi, haki ya Mungu, na huku nje jua la ziwani linachoma mabati.

Jumapili hiyo akaja dani mmoja kutoka Ndhiwa (dani ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu). Mwanawe wa Nairobi alikuwa amepata mtoto wa kike, na mtoto halali, ni kulia usiku na mchana, na kwetu mtoto akilia hivyo mnajua kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake, na likitajwa lililo lake, mtoto hunyamaza. Dani alikuwa ameota. Alimwona Aloo, dada ya marehemu mumewe, amesimama mlangoni akiomba maji. Basi jina lilikuwa Aloo, na mwanawe angepiga saa nne kulichukua, tena upesi, maana mama mkwe wake alikuwa huko huko Nairobi naye ana majina yake.

"Aloo hakuzaa," dani akaniambia. "Mtoto huyu asipoitwa yeye, nani atamwita tena?"

Saa nne ilikuwa bado kidogo. Nikajiambia, chumba kimoja tu (vijana wa Nairobi nao hawapigi kwa wakati, foleni ya kibanda cha simu mnaijua), nikaingia nyuma ya pazia.

"Nyathina," dani akaita baadaye, yaani mwanangu, "mbona simu imenyamaza?"

Hapo ningechomoa waya yakaisha. Lakini picha ya ngazi ilikuwa imeshuka nusu, nami nilitaka kuona inapanda wapi, mdomo ukasema wenyewe: "Laini iko na shida, dani. Labda ni waya huko nje."

Basi watu wote waliokuwa wakingojea simu wakatoka kuangalia waya, mwanamume mmoja akaanza kuugonga mlingoti wa simu kwa jiwe, wengine wakamkataza, wakarudi ndani na jasho, na mama mmoja Msabato muuza nguo akasema afadhali tuombe. Wakasimama mbele ya kaunta vichwa chini, dani katikati, wakimwomba Mungu afungue laini, nami nikatoa kichwa nje ya pazia, nikafumba macho kwa unafiki wangu wote, mkono ungali kwenye kipanya. Kidole kikateleza. Mlango wa juu ya ngazi ukafunguka, na kumbe chumba hicho kilikuwa na muziki.

Kinanda, jamani, taratibu na kitamu kama mtu anambembeleza mtoto, tena kwa sauti ya juu. Hakuna aliyesema amina. Bwana Salim akatokea uani na kikombe chake cha chai, akatazama pazia, akatazama watu.

"Akinyi," akasema kwa upole wake ule wa pwani unaouma kuliko kofi, "laini umeikalia wewe, mwanangu, na watu wanamsumbua Mungu?"

Nikachomoa waya. Simu ikalia hapo hapo, na dani akaipokea kwa mikono miwili, na mwanawe alivyokuwa akipaza sauti sote tukasikia: amepiga na kupiga, na wakati huo mama mkwe amejaribu majina yake, akafika kwa jina la marehemu dada yake mwenyewe, mtoto akanyamaza. Sasa amelala.

"Kama amelala, ni sawa," dani akasema, akaweka simu chini. Nilitamani mtu anitukane.

Wenzake walipomaliza kupata simu zao, dani akaizunguka kaunta. "Nionyeshe kilichokushika."

Nikamwonyesha jiko, viatu, mwezi. Aliuliza kama huyo mama anakaa peke yake. Tulipofika kwenye ule mlango usioenda popote, akauliza kama ni chumba kitupu, nikasema ndiyo.

"Mwulize kama Aloo anaweza kukaa humo."

Nikaandika pale wageni wanapoacha neno, nikaeleza yote, machozi yananitoka. Jibu halikuja. Kila siku ya soko dani alipita kuuliza, na mimi tangu hapo sigusi ule waya kabla sijatangaza duka zima, hata likiwa na mtu mmoja, kama kuna anayengojea simu.

Siku moja ya soko, dani akiwa kando yangu, nilitangaza, hakuna aliyengojea, nikafungua, na ule mlango ukaenda mahali. Kiti kimoja, meza, gilasi ya maji, na juu yake limeandikwa jina la Aloo. Dani alisogeza uso hadi karibu na kioo cha kompyuta.

"Amepata maji," akasema.