Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Fundi Ndalahwa wa Buhongwa hafungui kompyuta kabla hajaisikiliza. Zamani alikuwa akitengeneza injini za boti kule ziwani Busisi, na tabia ya huko haijamtoka: anainama, anaegesha sikio kwenye boksi, anafumba macho. Hizi nyembamba za siku hizi hazimpendezi. "Hizo zinakufa kimya kama sangara," anasema. Yeye anataka zile za kale, zenye skrini ya nundu kama dume la ng'ombe.

Mimi nilimpelekea ya dada yangu Najat, wa Buswelu, naye tuliongozana. Si kwamba nilishindwa, msinielewe vibaya. Niliizaba makofi ya kitaalamu, makofi yaliyofufua redio za mtaa mzima. Ikalia tii, tii, tii, ikagoma kuwaka.

Ndani yake ilikuwemo sauti ya shemeji yangu, marehemu Yassin. Kabla maradhi hayajamlaza, alijirekodi akimwombea binti yake Maulida dua ya siku ya ndoa. Ndoa yenyewe ilikuwa kesho yake, na Maulida ameapa hatoki chumbani bila kumsikia baba yake.

Ndalahwa akasikiliza. "Mzee Muharami, kumbukumbu yake haishiki."

"Hata yangu haishiki, na mbona silii?"

Akalegeza skrubu, akavuta bati. Nilijikuta nimeruka mpaka mlangoni! Vile vidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi juu ya maji vilikuwa vimejaa humo, vimekauka, vimeshikana kama mkate. Juu yao mjusi amekaukia, utadhani mlinzi aliyesahauliwa zamu.

"Mlikuwa mnaifunika?" Ndalahwa akauliza.

"Sasa fundi, kitu cha thamani kinaachwaje uchi?" dada akajibu. Kwake kila kitu kina kitambaa cha kufuma: redio, friji, hata mtungi wa gesi. Mimi mwenyewe nikikawia kwenye kochi lake naogopa kufunikwa.

"Basi vidudu vimeziba mbele, wewe mama umeziba nyuma. Imepikwa."

Akapiga brashi, akachomoa kipande cha kumbukumbu, kibao cha kijani chembamba kama rula, akakisugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule.

"Ndalahwa, unafuta makosa ya darasa la tatu?"

Akachomeka, akawasha. Tii, tii, tii. Dada akakaa sakafuni kama mtu aliyeletewa msiba upya.

Ndalahwa akarudisha sikio kwenye boksi. Kisha akakihamishia kile kibao tundu la jirani. Safari hii ukatoka mlio mmoja tu, mfupi. Skrini ikawaka, ikasema tuko mwaka 2003.

"Betri ya saa imekufa," akasema. "Isiwatishe."

"Hongera, dada. Umerudi kuwa mchumba," nikamwambia. Akanipita, akamwonyesha Ndalahwa faili la Yassin, fundi akalibonyeza.

Sauti ikatoka. "Bismillahi. Ewe Mola, mlinde mwanangu Maulida..."

Ilikuwa ya Yassin mwenyewe, na kile kikohozi chake. Dada akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kitambaa chake cheupe, akakitandaza juu ya kompyuta. Mazoea tu ya mikono, maskini.

Yassin akakatiza dua.

"Najat! Hebu toa hicho kitambaa, mama. Mashine inakosa pumzi."

Dada akapiga ukelele. Ndalahwa, mwanamume wa mawimbi ya Busisi, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, bisibisi imeelekezwa kwa kompyuta. Mimi nywele zangu chache zilisimama zote. Tungekimbia, isingekuwa sauti ya pili iliyotoka humo humo, ya dada mwenyewe wa miaka ile, ikinung'unika: "Itaingia vumbi, baba Maulida!" Kumbe hata siku ya kurekodi alikuwa akiifunika! Ndani ya mashine Yassin akacheka mpaka akakohoa.

Dada akakivuta kitambaa, akakikunja, akakikalia.

"Haya, nimetoa," akasema. "Endelea kumwombea mtoto."

Na Yassin akaendelea.