Simba wa Mchina Mlangoni kwa Babu

Mimi nilipokuwa mtoto pale Makote, simba walikuwa wa aina mbili: wa porini, na wa kutengenezwa kwa uchawi na mtu mwenye roho mbaya. Huyo wa pili ndiye tuliyemwogopa. Msinicheke. Nina digrii nzima ambayo haijanipatia hata barua ya kukataliwa, kwa hiyo kuamini visivyoonekana ni fani yangu.

Babu alikuwa mchonga mpingo. Mchina mmoja wa kampuni ya kujenga barabara, mkataba wake ulipoisha, alitaka kinyago, akalipa kwa simba wa jiwe: jike, mkubwa kama kuku, na mtoto chini ya mguu. Akaeleza, kwa Kiswahili chake cha kokoto, kwamba ni wa kale mno, na kwao huwekwa mlangoni alete bahati. Babu akamweka mlangoni.

Wiki ileile mbuzi wa jirani yetu, Mama Somoe, akapotea. Basi. Kufika Ijumaa kijiji kizima kilishajua kwamba simba wa Babu anatembea. Watu wakaacha kutusalimia bombani, na shuleni mwenzangu akahama dawati. Jumamosi asubuhi wakaja kama ishirini, na nyundo ya kupasulia mawe. Sharti moja tu: avunjwe, au Babu ahame.

"Shikamoo, nang'olo," alianza Mama Somoe, maana kwetu hata anayekuja kukufukuza atakuita mzee kwa heshima. "Tumekuja kumuua."

"Marahaba. Mmeshamshika kwa mkono?"

Nani amshike? Babu akampapasa mwenyewe, akawaonyesha tumboni, ambako alama za patasi zilikuwa bado zinakwaruza, kisha kichwani, laini kama sahani. Patasi hailainishi jiwe hivyo, akasema. Ni viganja vya watu, miaka na miaka.

"Mimi nachonga mashetani ya mpingo. Hakuna anayeyabembeleza. Huyu wamembembeleza mpaka sikio limeisha."

Mama Somoe akanyoosha kidole kimoja, kama anayeonja uji wa moto. Akagusa kichwa. Akagusa kitoto, nacho kimelika mgongo. Kiganja chake kikabaki pale.

"Sasa mbuzi wangu kaliwa na nani?"

"Mbuzi wako kakata kamba tena, Mama Somoe. Mwezi uliopita alikula shuka langu."

Wakaangua kicheko, mwenye nyundo akiwa wa kwanza, kisha wakapanga foleni kumgusa, siriasi kabisa. Bibi akabandika mihogo. Waliokuja kutuhamisha walikula mpaka sufuria ikalia.

Simba bado yupo. Kila nikienda usaili Mtwara nampapasa kwanza, na kila nikirudi bure namtukana matusi yasiyoandikika. Kwenye ajira, Mchina alitupiga. Lakini Babu aliishi Makote hadi siku yake ya mwisho. Tulipomzika, ilibidi tumshike Mama Somoe mikono, maana alikuwa analia kuliko sisi wajukuu.