Siku Mbili za Hawe

Niliporudi Kakuyuni na diploma yangu ya theolojia, watu walisema kuna mambo mawili sitayaweza: kulima, na kumweleza mkulima habari za Yesu akaelewa. Shangazi yangu alilisema hilo mbele ya kanisa zima. "Mwacheni. Atayahubiria mahindi, nayo yatasinzia."

Diploma hiyo sikupewa na mtu. Niliitafuta bara kwa mshahara wa ubawabu, karo nikilipa kidogo kidogo, hadi nikawapita walioletwa chuoni kwa magari ya baba zao.

Jumapili ya kwanza nilihubiri juu ya neema. Niliitoa kwenye Kigiriki nikaileta mpaka kwenye Kiswahili, na watu wakasikiliza kwa adabu. Mlangoni jirani yangu, bibi kizee ambaye sote twamwita Hawe, akanishika mkono.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Sasa hiyo neema ni nini?"

Nikamweleza upya, kwa urefu zaidi.

"Haya," akasema. "Nitauliza siku nyingine."

Mvua ikaja, nikapanda ekari mbili, kisha malaria ikaniangusha. Magugu hayamngoji mgonjwa. Kwetu, mtu akikupalilia siku moja, nawe wampalilia siku moja. Deni hilo haliandikwi popote wala halisahauliwi. Majirani sita walikuja, watano siku moja moja, Hawe siku mbili. Nilipoinuka kitandani, shamba lilikuwa safi nami nilidaiwa siku saba.

Nikaanza kulipa kwa shangazi, mmoja wa hao sita. Kabla ya saa nne nilikuwa nimemwacha nyuma mistari miwili.

"Kumbe hiyo diploma ina mikono!" akasema.

Na humo mashambani ndimo nilimojifunza kuhubiri, kwa kuwa mtu anayepalilia hana pumzi ya maneno marefu. Mgema mmoja aliniuliza kama Mungu husikia maombi ya mlevi.

"Husikia," nikamwambia. "Hata yakinuka mnazi."

Alicheka mpaka akakata shina la mhindi wake mwenyewe. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani, akaketi mbele.

Akabaki Hawe. Nilifika kwake asubuhi, jembe nimelinoa.

"Shikamoo, Hawe. Nimekuja kulipa siku zako."

"Marahaba. Siku zipi?"

"Zile mbili."

"Hizo nilikusamehe zamani. Kaa, muhogo u tayari."

Sikukaa. Mimi si mtu wa kula cha bure, na hilo Kakuyuni nzima inalijua. Nikaingia shambani, nikapalilia mstari mzima huku yeye akinitazama kutoka kizingitini. Kisha akapaza sauti, mpaka waliokuwa wakipita njiani wakasimama.

"Mwanangu! Hiyo neema yenu, nayo mwailipa kwa jembe?"

Nikalisimamisha jembe.

"La, Hawe. Hailipwi."

"Basi mimi nimeelewa. Wewe je?"

Wapita njia wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikaliacha jembe katikati ya mistari, nikanawa mikono, nikaketi. Muhogo ulikuwa umepikwa kwa nazi. Nilikula sahani mbili, moja kwa kila siku, naye akahakikisha sikubakisha. Hivyo ndivyo nilivyomalizana na wote walionidai: watano kwa jasho langu, na wa sita kwa muhogo wake.