Nakala Nyingi za Harusi Moja

Baba aliniambia nikiwa namkorogea uji. Hakunitazama, alikuwa anaangalia uani, kwenye kamba ya nguo, akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Sura ya mama yako nnayo. Sauti ndo inanikimbia. Jana nlitaka kuikumbuka, nkaikosa."

Mama alikuwa ameshatangulia miaka michache nyuma. Picha zake tulikuwa nazo za kutosha, za harusini, za Sikukuu, na ile ya pasipoti ambayo hakuipenda. Sauti yake hatukuwa nayo popote, au ndivyo Baba alivyodhani. Nikamwambia asijitie unyonge, sauti ya Mama imo kwenye kompyuta na mimi nitaitoa. Nilisema kwa ukali. Mimi nikiogopa huwa mkali, na asubuhi ile niliogopa sana, kwa sababu nilipojaribu kuikumbuka mwenyewe ilinijia nusu nusu.

Kompyuta ilikaa sebuleni kwetu Kiembe Samaki, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Niliinunua ikiwa imeshatumika, katika mzigo uliotoka Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kitu ambapo kila mwenye mshahara mjini alikuwa anatafuta yake. Ukiondoa nyimbo zangu mwenyewe, kazi niliyoipa ilikuwa moja tu, kuhifadhi kanda za Mama. Hewa ya bahari ilikuwa inazila. Nyingine zilishaota ukungu mweupe pembeni. Nikaunga waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye mashine, nikawa nazipiga moja baada ya nyingine huku kompyuta inazimeza.

Mama hakuwa mwimbaji, wala hakujua kupiga hata dufu. Alikuwa mwenda harusi. Miaka ya themanini, tulipokuwa tukikaa Mji Mkongwe, ikipigwa taarabu ya harusi mtaa wowote kuanzia Malindi mpaka Vikokotoni, yeye yumo, na redio kaseti yake ameibeba kifuani imefungwa kanga. Hakuwa peke yake. Wanawake walizipanga redio zao mstari mmoja mbele ya wapiga muziki, wenyewe wakakaa mikekani nyuma yake, na fidla ikianza tu kulia unasikia vifungo vinabonyezwa. Hakuna aliyetaka kunakili kanda ya mwenzake. Kanda ya kunakili ilikuwa ya mtu aliyehadithiwa harusi. Kanda yako mwenyewe ndiyo ushahidi kwamba ulialikwa, ukaenda, ukakaa mbele. Kwa hiyo harusi moja ilitoka na kanda chungu nzima, zote za nyimbo zile zile za usiku ule ule.

Habari kwamba natia kanda kwenye kompyuta zilifika mtaa wetu wa zamani, na wenzake Mama wakaniletea zao kwa mifuko. Wa kwanza kuja alikuwa shoga yake mkubwa, jirani wa mlango wa pili, bibi mcheshi ambaye hajawahi kunong'ona maishani mwake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi mkubwa," akaitika, "Marahaba mwanangu," akaumwaga mfuko mezani.

"Zangu chafu hizi," akasema. "Lakini zitie, zisife."

Nikazitia. Baadaye alihamia Paje kwa binti yake, na kanda zenyewe wajukuu wakazirikodia mambo yao. Sikuona hasara. Nilikwishazisikia kidogo, na chafu zilikuwa chafu kweli: watoto wanalia, vikombe vinagongana, watu wanasemezana juu ya magauni, na taarabu iko mbali huko nyuma.

Basi Baba aliponiambia maneno yale, nikafunua kitambaa, nikawasha, na mashine ikanijibu kuwa diski imejaa. Nilikuwa naiona ile ilani kila siku na kuifunga. Sasa ilifika mahali nikifungua faili, wimbo unakwenda kidogo, unakwama, na kila kitu kinaganda mpaka nizime kwenye ukuta. Harusi moja ya Vikokotoni ilikuwamo tu, tena na tena, chini ya majina tofauti. Bila ya kupunguza nakala nisingeweza kusikiliza chochote, seuze kumtafuta mtu.

Mwenzangu wa ofisini akanipa programu ya kutafuta mafaili pacha. Nikaiachia ifanye kazi tangu nilipomaliza chai ya asubuhi, na jawabu lake likawa kwamba hakuna pacha hata mmoja. Ilikuwa inalinganisha ukubwa, na kila mwanamke alikuwa amebonyeza kwa wakati wake na kuzima kwa wakati wake. Kwa programu ile kila kanda ilikuwa harusi nyingine. Nikaifuta. Nikajifunga kibwebwe, na nasema hasa, kanga kiunoni, nikaamua nitazichambua kwa masikio yangu mwenyewe.

Sheria niliyojiwekea ilikuwa nyepesi: kila wimbo wa kila harusi unabaki mara moja, na inayobaki ni ile iliyo safi zaidi. Kila nilipolinganisha, ya Mama ilishinda. Redio yake ilikuwa nzuri, alikuwa anaikalia karibu, na alijua kuiweka mbali na ngoma na karibu na sauti. Nilifurahi kama mzazi anayesomewa matokeo ya mwanawe. Na hesabu yangu nyingine ilikuwa hii: sauti ya Mama itakuwa kwenye kanda za Mama, itakuwa wapi tena? Za wengine nikawa nazituma kwenye pipa la taka la kompyuta, bila huruma, na za yule jirani ndizo zilizotangulia. Nikijiambia, akija kuulizia harusi yake nitampa ya Mama, tena atanishukuru. Pipa lenyewe sikulimwaga. Hata nyumbani mimi sitoi taka nje mpaka nimalize chumba kizima.

Nikaondoa na michezo na programu zilizokuja na mashine, nafasi kidogo ikapatikana, na ndipo tukaanza kusikiliza. Nikitoka kazini nakuta Baba ameshaoga, amevaa kanzu, amekaa kwenye kiti kando ya kompyuta kama mtu anayesubiri mgeni. Tunasikiliza baina ya alasiri na magharibi. Ndege ikipita kwenda kutua, na kwetu zilipita juu ya paa, nasimamisha mpaka ipite. Wimbo unaanza, unakwenda, unakwisha, na Baba anaegemea mbele. Kisha unaanza mwingine.

"Bado?" anauliza.

"Bado, Baba."

Siku zikaenda. Tulisikiliza kanda za Mama zote, kisha nikazirudia na vile vipande vya mwanzo nilivyokuwa nimeviruka. Nyimbo zilikuwa safi kweli, kila pumzi ya mwimbaji unaisikia. Mama hakuwamo. Hata kikohozi chake hakikuwamo. Nilianza kukasirika, kwanza na mashine, halafu na Mama mwenyewe, Mungu anisamehe. Miaka yote ile ya kubeba redio, hata neno moja hukutuachia?

Baba akaliona hilo. Alasiri moja akaweka mkono juu ya kiti changu. "Basi mwanangu. Ushajitahidi. Pengine hatukuandikiwa."

"Tumeandikiwa," nikamwambia. "Kaa."

Nikaupiga tena wimbo wa mwisho wa harusi ile ya Vikokotoni. Kabla haujaisha ikapita ndege kubwa na safari hii sikuiwahi. Kelele zilipoondoka wimbo ulikuwa umeshakwisha, na kitu pekee nilichokisikia kwenye spika kilikuwa: tak. Nikarudisha nyuma. Tak. Nikafungua wimbo mwingine, nikaenda moja kwa moja mwisho wake. Mwimbaji anamaliza, fidla inafunga, tak. Katika kila wimbo ilikuwa pale pale, kabla ya mtu yeyote kuwahi hata kupiga kigelegele.

Kilikuwa kidole cha Mama. Nilimwona mbele yangu kabisa, amekaa kitako mkekani, ameinama kwenye redio, anasubiri muziki unyamaze ili azime, kwa sababu kanda kwake ilikuwa ya nyimbo na haikuwa ya umbea. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Akirikodi kutoka redioni tulikatazwa hata kufungua mlango. Mwanamke wa namna hii angesema kitu mbele ya redio yake mwenyewe? Alikuwa anangoja izimike ndipo aseme. Na kwa siku zote zile mimi nilikuwa namtafuta mahali pekee alipokuwa amenyamaza.

Na nyuma yake tu hukaa shoga yake, yule jirani wa kanda chafu, ambaye redio yake huipakata mapajani. Nikalifungua pipa la taka. Mafaili ya jirani yalikuwamo yote, yamelala kama nilivyoyatupa, na ilani ya diski ikaruka usoni kunishauri nilimwage pipa ili nipate nafasi. Nilivyoifunga ile ilani, lau ingekuwa mlango nyumba nzima ingetikisika. Nikayarudisha. Mashine ikaanza kuganda tena, kwa hiyo nikaenda kwenye nyimbo zangu mimi, za ujana wangu, nilizokusanya faili kwa faili kutoka kwa wenzangu wa ofisini kwa muda mrefu. Nikazichagua zote, nikazifuta moja kwa moja, bila ya kupitia pipani. Sijazipata tena nyingine mpaka leo na sijuti.

"Unatafuta nini huko?" Baba akauliza.

"Taka, Baba."

Kanda ya jirani ilianza katikati ya zogo. Mtoto analia, mtu anaitwa apishe, mwanamke anaapa kwamba kitambaa kile si cha Uarabuni hata kidogo. Taarabu ilikuwa mbali, kama inapigwa nyumba ya pili. Nilipandisha sauti mpaka spika zikawa zinakwaruza. Jirani alikuwa anasema bila kituo, na baina ya maneno yake nilikuwa nasikia wengine, lakini hakuna niliyemtambua. Wimbo wa kwanza ukapita. Kabla wa pili haujaanza, karibu kabisa na redio, kwa sauti ya chini yenye hasira, mtu akasema:

"Nyamazeni basi! Nataka kurikodi!"

Baba akasimama. Sijui alisimama kwa nini, hakuna pa kwenda. Alikuwa yeye, ile "basi" yake aliyokuwa akiikata katikati, ile sauti ambayo ilinirudisha mezani mara ngapi kumaliza chakula. Nusu niliyokuwa nimebaki nayo ikajaa pale pale. Nikacheka, na machozi yakawa yananitoka huku nacheka, na Baba akaniashiria ninyamaze, kwa ukali ule ule, kwa sababu wimbo ulikuwa unakwisha.

Ukaisha. Kwenye kanda ya Mama, hapo ndipo kwenye tak. Hii ya jirani ikaendelea. Vigelegele, viti vinaburutwa, watu wanavuta pumzi. Kisha sauti kubwa ya jirani:

"We, leo mumeo hakufuati? Usiku huu utarudi na nani?"

Na Mama, sasa redio yake imezimwa, anasema kwa raha zake:

"Yupo nje."

"Nje wapi?"

"Hapo, nyuma ya ukuta, gizani. Yupo tangu wimbo wa kwanza. Kila harusi ndo hivyo. Usimtazame! Akijua nshamwona ataona haya, hatokuja tena."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha kuzibwa kwa kanga. Fidla ikaanza, na Mama akanyamaza.

Nilisimamisha mashine. Baba alikuwa bado amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Mimi nilikuwa nakumbuka tulivyokuwa tukisimuliwa nyumbani kwamba Baba haipendi taarabu, haingii kwenye mambo ya wanawake, anakuja kumfuata Mama mwisho wa shughuli tu, na anakuja moja kwa moja kutoka kazini bandarini. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa wa kijana aliyefumaniwa.

"Nkimwambia nimefika sasa hivi," akasema polepole. "Kila siku. Anauliza, ushakaa sana? Namwambia, laa, ndo nnafika. Na yeye anasema, haya, twende."

"Alikuwa anajua, Baba."

"Miaka yote ile." Akaketi. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaivaa tena. "Na hakunambia."

Kulikuwa kunaadhiniwa magharibi na hakuna siku hata moja niliyomwona Baba akichelewa msikiti. Alisikiliza adhana mpaka mwisho, midomo ikiifuata. Kisha akanyoosha kidole kwenye kompyuta. "Rejesha."

Nikarejesha. Jirani akauliza mumeo hakufuati, na Mama akajibu yupo nje, na Baba akainama mbele mpaka karibu aguse spika.

"Nlikuwepo," akamwambia. "Tangu wimbo wa kwanza. Kweli."