Moshi wa Mokami

Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani, sabuni ilikatwa vipande kama nyama ya sikukuu, na duka la kijiji lilikuwa na viberiti siku moja, siku nyingine halina hata chumvi. Katika hali hiyo, mwanamke akirudi jioni kutoka porini huku anacheka peke yake, watu lazima wajiulize. Mokami alikuwa anarudi hivyo kila jioni.

Alikuwa mjane, mtu wa makamo, mrefu, mkono wake wa kushoto una kovu la moto alilopata utotoni. Mumewe alikufa kabla ya Operesheni, ile ya kutuhamishia vijijini. Mtoto wake wa pekee, Nikodemo, alikuwa anafanya kazi ya ujenzi Mwanza na kuandika mara chache. Walipotuhamisha mwaka sabini na nne, kila mtu akabomoa alipokuwa na kuja kujenga kwenye mstari, Mokami alipewa kiwanja mwishoni kabisa, upande wa kijiji chetu cha Kemambo unaotazama bonde la mto Mara. Huko chini, mwendo wa kutosha kuchosha miguu, ndiko lilikokuwa boma lake la zamani. Sasa lilikuwa mahame: kuta zimeanguka, zizi limebaki mduara wa mawe, na katani zimeota hovyo. Tulikuwa tumekatazwa kurudi kwenye mahame. Aliyerudi alihesabiwa kuwa anapinga kijiji.

Mokami hakuonekana kupinga lolote. Chuma cha plau kilipogongwa asubuhi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika shamba la kijiji. Alilima pamba ya wote kama anavyolima mtama wake. Lakini jioni, kazi ikiisha, alichukua kikapu kilichofunikwa kanga, akashika njia ya bondeni. Ukimsalimia anajibu vizuri. Ukimwuliza unakwenda wapi, anasema, "Nakwenda kunywa uji."

Sasa nani anakwenda mbali hivyo kunywa uji?

Wengine walisema ana sukari ya magendo kutoka Sirari, mpakani, ameifukia huko. Wengine walisema ana mwanaume. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ilipakana na ya Mokami, alisema amesikia harufu ya moshi kwenye kile kikapu, na kwamba mtu mwema habebi moto porini jua likiwa bado lipo. Alisema hayo kwa sauti ya chini, halafu akaangalia mlangoni. Tangu siku hiyo na mimi nikawa namwangalia Mokami kwa kona ya jicho. Tukichota maji pamoja, nilihakikisha ndoo yangu haijakaa karibu na yake.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Simioni. Huyu alikuwa mtu wa kushuku tangu alipozaliwa, nadhani. Mgeni akilala kwako, Simioni alikuja alfajiri kumsalimia na kumwangalia viatu. Baiskeli ikipita, aliisimamisha na kugonga mabomba yake asikie kama yana kahawa ya magendo ndani. Mkewe, Philomena, alisema kwamba hata mboga aliigeuza kwanza kwa kidole ndipo ale. Lakini kwa Mokami alisita muda mrefu, kwa sababu marehemu mume wa Mokami alikuwa wa rika lake, walitahiriwa mwaka mmoja, na mjane wa mtu wa rika lako huwezi kumpekua tu kikapu.

Halafu wakaibiwa ng'ombe wa Nyangwine, mmoja wa wazee wa kijiji.

Tuliamka tukakuta zizi lake limevunjwa upande wa nyuma na nyayo zinateremka moja kwa moja kuelekea mtoni. Ng'ambo ya mto ni upande wa Serengeti, na watu wa ng'ambo ile na sisi tulikuwa na habari ndefu ya ng'ombe na mishale. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vijana walipokuwa wanafuata nyayo, mtu mmoja akasema jambo ambalo wengi walikuwa nalo mdomoni: kila jioni kuna moshi kwenye mahame ya Mokami. Na mwingine, aliyekuwa anachunga bondeni, akaongeza kwamba moshi ule ukipanda, ng'ambo nako unapanda mwingine.

Mchana huohuo wazee wakaita ritongo, mkutano wao wa kuamua mambo mazito. Mokami akasimamishwa katikati. Sisi wanawake tulikaa pembeni, hakuna aliyekaa upande wake.

"Unawasha moto mahame?" aliuliza Nyangwine. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nawasha."

"Wa nini?"

"Nakunywa uji, tata, baba yangu. Nikimaliza nauzima."

"Na ule moshi wa ng'ambo? Nao unakunywa uji?"

Watu wakaguna. Mokami alitazama chini, akakaa kimya, na ule ukimya ulimharibia kuliko jibu lolote. Kuna waliotaka apelekwe polisi Tarime. Kuna waliotaka nyumba yake ibomolewe aende kwa hao rafiki zake wa ng'ambo. Simioni akainuka, akasema mtu wa namna hiyo ukimfukuza leo hutajua kesho anashirikiana na nani. "Mwacheni," alisema. "Mimi nitajua."

Yaliyofuata tulisimuliwa na Simioni mwenyewe, na baadaye na Mokami, na yalilingana, kwa hiyo nayaamini.

Kesho yake jioni Mokami alikwenda. Wengi wetu tulidhani hatathubutu. Simioni alikuwa ametangulia, amejificha nyuma ya katani na panga lake na upinde. Akamwona anaingia kwenye mduara wa mawe, anafunua kikapu. Ndani mlikuwa na kigae cha chungu chenye makaa ya moto, kibuyu cha uji, na gunia bovu lililoloweshwa maji. Akakusanya mavi makavu ya ng'ombe, akayawasha, akaongeza majani mabichi. Moshi mweupe ukapanda. Kisha akaufunika kwa gunia, akaufunua, akaufunika tena. Ng'ambo ya mto, kwenye kilima, ukapanda moshi mwingine. Ukakatika. Ukapanda. Mokami akacheka, akapiga goti lake kwa kofi.

Simioni akaruka nje. "Basi! Leo nimekushika! Unawaambia nini? Ng'ombe wa nani sasa?"

Mokami alishtuka hadi uji ukamwagika. Alipoona ni nani, akakaa chini. "Shemeji, weka panga. Yule ni Christina."

"Christina yupi?"

"Mke wa yule mtu aliyekuwa jirani yetu hapa. Boma lao lilikuwa pale, ona, penye mkuyu. Hukumbuki? Mlikula kwake harusi."

Simioni alikumbuka. Christina na Mokami waliolewa bonde lile msimu mmoja, wakiwa wasichana wageni wote wawili, na kwa miaka yote hiyo, jioni ng'ombe wakishaingia, mmoja aliwasha moto wa zizini, mwenzake akiuona alikuja na kibuyu, wakanywa uji na kuwasema waume zao. Operesheni ilipokuja, mume wa Christina hakutaka kwenda Kemambo. Aliwavusha mkewe na watoto akaenda kujenga katika kijiji cha ng'ambo, kwa ndugu zake. Tangu hapo wanawake wale hawakuwahi kuonana.

"Siku moja nilikuja hapa kutafuta jiwe langu la kusagia," alisema Mokami. "Nikawasha moto tu, kwa upweke. Nikaona naye amewasha. Nikasema, huyo ni yeye."

"Umejuaje ni yeye?"

"Nimejua."

"Na mnasemezana nini?"

"Moshi ukipanda tu, maana yake nipo, sijafa. Ukikatwa mara mbili, kama tulivyozoea tangu zamani, mume amenuna. Mimi sina mume, lakini yeye anaye, na kila siku amenuna. Ndicho kinachonichekesha. Halafu tunakunywa uji, mimi huku na yeye kule."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, shemeji."

"Kwa nini hukusema kwenye ritongo?"

"Niseme nina rafiki ng'ambo? Siku ile? Nyangwine angenichoma mkuki."

Simioni hakuamini. Mtu hatembei mwendo wote ule kwa ajili ya mume wa mwenzake kununa. Akamnyang'anya gunia. Alitaka kuona ng'ambo watafanya nini wakipata ishara ambayo si ya Mokami. Akaupigapiga ule moto kwa gunia kwa nguvu za mwanaume, moshi ukatoka mabonge mabonge bila mpango.

Moshi wa ng'ambo ukazimwa palepale.

Wakakaa wanatazama. Kilima kile kikawa kitupu. Mokami akasema kwa hasira, "Umeona? Amejua si mkono wangu. Sasa yuko kule anatetemeka, anafikiri nimeuawa." Akachukua gunia lake, akauamsha moto polepole, akaupandisha moshi mwembamba, ulionyooka. Alisubiri. Akaurudia. Mwishowe kule ng'ambo ukatokea mstari mdogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Halafu ukakatwa, ukakatwa, ukakatwa bila kupumzika.

"Anasema nini huyo?" Simioni aliuliza, mkono kwenye panga.

Mokami alikuwa anacheka hadi machozi. "Anauliza huyo mwanaume uliye naye ni nani."

Simioni alirudi kijijini akawaambia wazee kwamba uchunguzi bado, na kwamba kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe atamsindikiza yule mwanamke kila jioni kwa ajili ya usalama. Nyangwine akatema mate. Lakini kabla ya mwezi kuisha habari ikaja: ng'ombe wake wawili, wenye alama ya sikio aliyoikata yeye, walionekana wakiswagwa karibu na Sirari. Wezi waliwateremsha mtoni ili nyayo zidanganye, wakawatembeza majini, wakawapandisha tena upande wetuwetu na kuelekea mpakani. Watu wa ng'ambo hawakuhusika. Hakuna mzee aliyemwomba Mokami radhi. Walianza tu kumsalimia tena, kama vile hawakuwahi kuacha.

Ungefikiri Simioni naye ataacha kwenda. Hakuacha. Alisema mtu mwenye hila hungoja ulinzi ulegee. Jioni ikifika alichukua upinde wake na, siku hizi, kibuyu chake mwenyewe, akateremka nyuma ya Mokami, mbali kidogo, kama askari na mfungwa. Wakirudi, tulisikia anamwuliza, "Na ile ya tatu, alipoikata kwa kuchelewa, maana yake nini?"

Sasa kijiji kikawa na jambo jipya la kushuku. Balozi na mjane, porini, kila jioni! Philomena alivumilia, kisha akashindwa. Siku moja akatupa jembe, akajifunga kanga kiunoni, akawafuata akiwa na fimbo. Tulingoja kusikia mayowe. Walirudi wote watatu, giza likianza, yeye akiburuta fimbo yake. Nilipomwuliza amekuta nini, alinitazama kana kwamba nimemwuliza siri ya serikali.

"Uji," alisema.

Kesho yake naye alikwenda, bila fimbo.

Mvua za masika zilipoanza, moshi wa ng'ambo ulipotea. Siku ya kwanza Mokami alisema kuni zimelowa. Siku zilizofuata alikwenda, akawasha, akanywa uji wake bila kuumaliza, akarudi. Aliyekosa usingizi alikuwa Simioni. Philomena alitueleza kwamba mumewe anaamka kuchungulia bonde kama anayesubiri wezi. Hatimaye akafunga safari hadi kivukoni. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu yanabeba magogo, hakuna wa kuvuka. Akasimama akaita hadi wachungaji wa ng'ambo wakamwitia balozi wao, mtu mnene aliyeitwa Athanas.

Wakazungumza kwa kupiga kelele juu ya maji.

"Yuko wapi Christina?"

"Wewe ni nani unayemtaka mke wa mtu?"

"Balozi wa Kemambo! Kwa nini amezima moto?"

"Nimeuzima mimi! Alikuwa anawapa ishara! Nyinyi wezi wa ng'ombe!"

"Ishara gani! Anasema mumewe amenuna!"

Athanas akasogea hadi ukingoni mwa maji. Halafu akauliza, "Umejuaje kama mumewe amenuna?"

Ilichukua mchana mzima. Athanas hakuamini hata neno moja. Mwishowe akasema ataruhusu moto, ila yeye mwenyewe atakaa pale kila jioni, na akiona moshi asiouelewa atamfunga mtu. Simioni akajibu kwamba huo ni utaratibu mzuri sana, na kwamba hata kwake uko hivyohivyo.

Kiangazi maji yalipopungua, walikubaliana wanawake wakutane kivukoni, mchana, na mabalozi wote wawili wawepo. Mimi nilikwenda, nimebeba kibuyu. Christina alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania, amezeeka, hana meno ya mbele. Aliingia majini kabla hajaruhusiwa. Mokami naye akaingia. Walikutana katikati, maji yamewafika magotini. Walishikana mikono. Kisha Christina akasema jambo sikioni kwa Mokami, na wote wawili wakacheka kwa sauti hadi ndege wakaruka kutoka kwenye matete.

Athanas alisogea karibu na Simioni. "Wanasema nini hao?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui," alisema Simioni. "Ndiyo maana lazima tuwe tunakuja."

Nikawamiminia mabalozi uji. Kila mmoja alipokea kata yake kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akakaa ameishika, akingoja mwenzake anywe kwanza.